Maana ya Ndani

Februari, Lewiston, Maine. Theluji imefika dirishani,
na mezani kwangu pana viazi kumi na vinne,
bakuli la maharage makavu, chaki,
na rasimu ya nne ya kanuni za mchezo wa roboti.
Viazi ni mizigo. Maharage ni alama.
Vikombe viwili vilivyofunikwa ni roboti.

Mwaka jana tuliandika: atakayepanda ngazi
kabla ya kengele ya mwisho, alama ishirini.
Mzigo mmoja rafuni, alama moja.
Tuliona ni sawa. Kupanda ni kazi.
Siku ya mashindano roboti moja ilikwenda moja kwa moja ngazini
ikaning'inia pale dakika mbili nzima kama popo,
haikugusa kitu,
huku watoto wa Mtaa wa Bartlett, wanne tu,
wenye magurudumu ya kuokoteza na mota ya wipa ya gari,
wakipanga mizigo, mmoja, mmoja, hadi kumi na mmoja.
Ishirini kwa kumi na moja.
Hakuna aliyedanganya. Nilitafuta wa kumlaumu
nikakuta sahihi yangu chini ya ukurasa.

"Basi tushushe ngazi iwe tano," nasema.
Marguerite Ouellette, aliyeshona viatu Auburn miaka thelathini,
anatikisa kichwa.
"Na yule binti wa Rumford aliyekesha miezi mitatu
akifundisha chuma kupanda? Huyo naye unampunja."
Twaandika nane. Twafuta. Twaandika tisa.
Twahesabu mzigo wa kwanza huchukua sekunde ngapi, na wa sita,
na timu isiyo na fedha yaweza kufika wapi
ikiwa na akili tu na wiki sita.
Mizani ya shairi naijua, nane kwa nane,
ikizidi moja sikio linashtuka.
Hii haina sikio. Hii hushtuka Machi,
mbele ya wazazi.

"Tuitie mwizi," asema Marguerite.
Namwita Asukulu, mpwa wangu, miaka kumi na mitatu,
namwambia: shinda bila kucheza.
Anasoma rasimu yote huku akitafuna tufaha,
kisha anasukuma kiazi kimoja hadi kwenye chaki
na kukiacha kimeukalia mstari.
"Kiko ndani?"
"Kiko ndani," nasema.
"Kiko nje," asema Marguerite.
Asukulu anacheka, anachota harage moja,
analitia mfukoni.

Tulikesha na neno hilo.
Ndani. Herufi tano.
Kiazi kizima? Nusu yake? Au kikigusa tu?
Kwa Kiswahili mtu yuko, au yupo, au yumo,
na aliyepo mlangoni bado hajawa yumo.
Miaka kumi na tisa katika mji huu,
sijaamua bado kiambishi changu.
Saa nane usiku kikatoka kifungu cha saba:
mzigo umo iwapo hakuna sehemu yake inayogusa mstari.
Viazi tulivikaanga.

Machi. Ukumbi wa michezo wa shule, harufu ya jasho na mpira ulioungua.
Thelathini na moja kwa thelathini na moja,
na mchemraba wa buluu, wa timu ya Asukulu,
unatua ukingoni pamoja na kengele.
Mwamuzi, Bwana Pelletier, analala kifudifudi kwenye zulia,
shati likimtoka suruali,
anatelezesha karatasi juu ya mstari, polepole.
Karatasi inakwama.

Wenzake wananung'unika. Kocha wao ananyoosha mkono kudai.
Mimi natazama viatu vyangu.
Nainua macho, kumbe ananiangalia kitambo,
na mkono wa kocha ameshaushusha.
"Haumo," anamwambia. "Upo tu."
Anaingia uwanjani kuuokota.